Je, Wajua? Homa Huondoka, Huzuni Ikabaki

Je, wajua kwamba mtoto akishikwa na homa Ifakara, yaelekea zaidi ana virusi kuliko malaria? Mwaka 2008 watafiti waliwapima watoto 1,005 wenye homa, baadhi Dar es Salaam na baadhi Ifakara, kwenye bonde la Kilombero, ambako mtu mzima yeyote atakuapia kwamba homa ni malaria tu. Majibu yalichapishwa mwaka 2014. Malaria ilikutwa kwa watoto kama 10 hivi katika kila 100. Magonjwa ya virusi yalikutwa kwa watoto kama 70, mafua na vikohozi vikiwa mbele. Kwa hiyo yule jirani anayesifu dawa mseto kwamba ilimponya kwa siku tatu bila hata kupima, huenda virusi vyake vilikuwa vinaondoka vyenyewe, na mseto ukachukua sifa za bure.

Kilosa nako mambo ni hayo. Mwaka 2013 damu za watoto waliofika hospitali ya wilaya na homa zilipimwa, zikaonyesha alama za dengue na za chikungunya, magonjwa ambayo wengi wetu tuliyahesabu kuwa ya watu wa pwani. Mbu wake ni Aedes. Huyu huuma mchana, na huzaliana kwenye tairi bovu, kifuu cha nazi na ndoo iliyosahauliwa nyuma ya nyumba, kwa hiyo neti ya usiku haimsumbui sana. Mwaka 2019 dengue iliwapata zaidi ya watu 6,000 nchini, wengi wao Dar es Salaam. Siku hizi kutoka Dar hadi Morogoro kwa treni ya SGR ni chini ya saa mbili, na mtu anaweza kupanda akiwa mzima na kushuka akiwa na baridi ya homa.

Je, wajua kwamba kuna kirusi kinachoitwa Morogoro? Ndiyo, kwa jina la Mji Kasoro Bahari wenyewe. Kilitangazwa mwaka 2009, kikiwa kimepatikana kwa panya shamba. Ni ndugu wa kirusi cha Lassa kinachoua watu Afrika Magharibi, na panya anayekibeba ni wa aina ileile. Hiki cha kwetu, kwa bahati njema, hakijulikani kumletea binadamu ugonjwa wowote, ndiyo maana wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, na wenzao wa Ulaya hukichunguza ili kujifunza tabia za Lassa bila kuhatarisha roho zao.

Virusi basi si wageni katika mkoa huu wa Morogoro. Kinachozungumzwa kidogo ni kile kinachobaki vikishaondoka.

Mfikirie mama mkulima wa Nyandira, huko juu Mgeta, ambako kabichi na karoti hulimwa kwenye miteremko ya Uluguru na baridi ya Juni huingia mpaka kwenye mifupa. Kapata homa, kalala siku tano, kapona. Joto limeshuka, uji unapita. Wiki ya tatu jembe bado limeegemea ukutani palepale alipoliacha. Usiku wa manane anaamka na usingizi haurudi. Akiitwa kwenye kikao cha VIKOBA anasema kesho. Lori la mboga linashuka mjini na viroba vya wenzake, yeye yuko kizingitini anatazama tu. Majirani wa kwanza watasema ni mvivu. Wa pili watamtafutia mchawi. Mwanawe aliyeko Dar atapiga simu, "Mama, jikaze." Hakuna atakayeuliza ile homa ilikuwa ya nini.

Je, wajua kwamba kunyong'onyea huko ni kazi ambayo mwili unaifanya kwa makusudi? Aliyelieleza jambo hili vizuri hakuwa daktari wa watu bali wa mifugo. Mwaka 1988 Benjamin Hart wa California aliandika kwamba mnyama mgonjwa haachi kula na kujitenga kwa sababu tu nguvu zimemwishia. Ameamrishwa na mwili wake mwenyewe. Homa ni ghali, inakula nguvu nyingi, kwa hiyo mwili unazima shughuli nyingine zote ili nguvu iende vitani. Mfugaji yeyote wa Mvomero anamjua kuku wa namna hiyo: manyoya yamesimama, shingo imezama mabegani, mtama uko mbele yake na hautazami. Sasa chukua orodha ya dalili ambazo daktari huziuliza anapopima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito: kukosa hamu ya kula, usingizi kuvurugika, uchovu, akili kushindwa kutulia, kutopendezwa na chochote, kujitenga na watu. Nyingi ya hizo kuku yule anazo. Asichokuwa nacho ni kujilaumu na kuona maisha hayana maana. Hayo ni yetu wanadamu.

Agizo hilo hutoka wapi? Kirusi kinapoingia, chembe za kinga ya mwili hutoa kemikali za kupigia mbiu, zinazoitwa saitokini. Hizo ndizo huwasha ile hali ya mwili kuwaka, kuvimba na kuuma ambayo madaktari wanaiita inflamesheni. Kidonda cha mguuni unaiona: ngozi nyekundu, ya moto, inauma ukiigusa. Inflamesheni ya mwili mzima huioni, lakini ubongo unaisikia. Saitokini hufikisha habari kwa njia ya damu, na pia kwa mshipa mrefu wa fahamu unaoitwa vagasi, unaotoka chini ya ubongo na kushuka kupitia kifuani hadi tumboni. Habari ikifika, chembe za kinga zilizomo ndani ya ubongo wenyewe nazo huamka na kuanza kutoa saitokini zao. Kwa kawaida mbiu huzimwa vita ikiisha. Kwa baadhi ya watu haizimwi yote.

Hapo kuna jambo la jikoni linalofaa kuelezwa. Katika maharage, dagaa, karanga na mayai mna kitu kinachoitwa triptofani, na kutokana nacho mwili hutengeneza serotonini, kemikali inayohusika na hisia, usingizi na hamu ya kula. Inflamesheni ikiwaka, kimeng'enya fulani huiteka triptofani na kuigeuza kuwa kitu kingine, kinurenini, ambayo baadhi ya mazao yake huchokoza ubongo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliongeza kipande kingine. Waliwachunguza watu waliougua COVID-19 na dalili zikagoma kuondoka, wakakuta serotonini yao katika damu imepungua. Mabaki ya kirusi yaliyosalia tumboni yalikuwa yanachochea interferoni, mojawapo ya saitokini, nayo inazuia utumbo usinyonye triptofani vizuri. Kumbuka kwamba kiasi cha sehemu 9 kati ya 10 za serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni. Wazee waliosema mgonjwa ale vizuri hawakukosea, ila mlango wenyewe ukiwa umebanwa, kuongeza sahani ya maharage hakutoshi.

Je, wajua kwamba madaktari waliwahi kuwatia watu sonona kwa dawa, bila kukusudia? Interferoni iligunduliwa London mwaka 1957, na baadaye ikawa dawa ya homa ya ini aina ya C na ya saratani fulani za ngozi. Wagonjwa walichomwa sindano kwa miezi. Karibu theluthi moja yao waliingia kwenye sonona kamili, watu ambao awali hawakuwa nayo. Mwaka 2001 matokeo ya jaribio la wagonjwa 40 wa saratani ya ngozi yalichapishwa: nusu walipewa dawa ya sonona wiki mbili kabla ya kuanza interferoni, nusu wakapewa kidonge kitupu. Katika waliopata kidonge kitupu, asilimia 45 walipata sonona. Katika wale wengine, asilimia 11. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzito kuliko wote. Hapa hapakuwa na msiba mpya, deni wala mchawi. Kilichoongezeka mwilini ni kemikali ileile ambayo mwili hujitengenezea ukiwa na mafua.

Kuna jaribio jingine dogo lakini tamu. Huko Uingereza vijana 16 wa kiume, wazima kabisa, walichomwa chanjo ya homa ya matumbo siku moja, na maji ya chumvi siku nyingine, bila kuambiwa ipi ni ipi. Chanjo hiyo haiwashi homa kubwa, huchokoza kinga kidogo tu. Ndani ya saa tatu mioyo yao ilikuwa imeshuka, na picha za ubongo zilionyesha mabadiliko katika sehemu zinazohusika na huzuni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Wasomaji wasije wakaikimbia chanjo kwa kusoma haya. Hali ile ilikuwa ya saa chache, na homa ya matumbo yenyewe ni shida ya wiki kadhaa.

Historia nayo ina vituko vyake. Julius Wagner-Jauregg wa Austria alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927 kwa kuwaambukiza malaria makusudi wagonjwa wa akili wenye kaswende iliyofika ubongoni, ili homa kali iue kaswende. Wengine walipona, wengine malaria iliwaua. Laiti angefika Kilombero angeona dawa yake inatolewa bure kila masika.

Denmark, nchi inayotunza kumbukumbu za kila raia hospitalini, ilitoa mwaka 2013 hesabu ya watu milioni 3.56. Waliowahi kulazwa kwa maambukizi makali walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 62, wa kuja kupata maradhi ya hisia kama sonona, wakilinganishwa na ambao hawakulazwa. Kulazwa mara nyingi kuliongeza hatari. Hesabu ya aina hii haiwezi kuthibitisha peke yake kwamba kimoja kilizaa kingine, kwa sababu mtu wa hali duni huugua zaidi na kuhuzunika zaidi kwa sababu nyingi. Lakini ikiwekwa pamoja na ile habari ya interferoni, inakuwa vigumu kuipuuza.

Na COVID-19? Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 16 Machi 2020. Kisha ukaja wakati ambao tulisema "changamoto ya upumuaji" na kila nyumba ikawa na sufuria yake ya nyungu, mchaichai na majani ya mwarobaini vikichemka chini ya blanketi. Mwaka huohuo hospitali moja ya Milan, Italia, iliwafuatilia watu 402 waliopona. Mwezi mmoja hivi baada ya hospitali, asilimia 31 walikuwa na dalili za sonona, na wale ambao damu yao ilionyesha inflamesheni kubwa zaidi wakati wa ugonjwa ndio waliokuwa na dalili nzito zaidi. Hofu, upweke na misiba vilikuwa na sehemu yake, bila shaka. Kwetu wangapi walipona kifua wakabaki wamezubaa, wakaambiwa ni mawazo tu?

Je, wajua kwamba ugonjwa wa virusi unaojulikana dunia nzima kwa kuacha maumivu marefu uligunduliwa Tanzania? Chikungunya ilielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 katika uwanda wa Wamakonde, wilayani Newala na maeneo ya jirani. Mwaka 2004 ililipuka Lamu, na vipimo vya damu vilivyofuata vilionyesha karibu watu watatu kati ya kila wanne kisiwani humo walikuwa wameipata. Kutoka pwani ya Kenya ikavuka hadi Komoro, na kisha kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliugua mwaka 2005 na 2006. Homa yake ni ya siku chache. Viungo, hasa vifundo vya mikono na miguu, vinaweza kuuma kwa miezi, hata miaka, kwa sababu inflamesheni imebaki kwenye maungio. Mtu asiyeweza kukamua nguo wala kupanda mteremko wa Matombo na mkungu wa ndizi kichwani, asilale kwa maumivu, halafu vipimo vya malaria vinarudi safi kila mara, ana kila sababu ya kukata tamaa. Hapa maumivu na huzuni vinatoka kwenye moto uleule.

Watu wanaoishi na VVU wanastahili kutajwa. Hata dawa za ARV zikifanya kazi vizuri na virusi visionekane kwenye kipimo, inflamesheni ya chinichini huendelea kwa wengi, na sonona ni nyingi kwao kuliko kwa watu wengine. Mwenye sonona huacha dawa, na akiacha dawa virusi hurudi. Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2002 utafiti wa kuhakiki kwa Kiswahili orodha ya maswali 25 ya kutambua sonona, wakiwatumia wajawazito wenye VVU jijini Dar es Salaam. Ni kazi isiyo na makeke, na bila kazi ya aina hiyo muuguzi hubaki kuuliza, "Unaendeleaje?" na kujibiwa, "Namshukuru Mungu."

Mkoani kwetu pia kuna Mahenge, wilaya ya Ulanga. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha huko kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wenye kifafa walikuwa wakitengwa na hata kulishwa peke yao. Aliona pia watoto ambao vichwa vyao vilikuwa vikisinzia na kushtuka mara kwa mara, na wenyeji wakisema "amesinzia kichwa". Maelezo yake ni miongoni mwa ya kwanza kabisa duniani kuhusu ugonjwa huo, ambao baadaye ulitikisa kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba kinga ya mwili inapopambana na minyoo ya usubi, huenda ikatengeneza silaha zinazoupiga ubongo kimakosa. Minyoo si virusi, najua. Ila Mahenge inatukumbusha kwamba kinga inaweza kuujeruhi mwili ulioituma.

Baada ya hayo yote, kuna kikomo ambacho magazeti mengi hayakitaji. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2019 uliojumlisha tafiti 30 ulikuta asilimia 27 tu ya watu wenye sonona wana alama wazi ya inflamesheni kwenye damu. Hiyo ni kama robo. Waliobaki wana sababu nyingine: msiba, kipigo cha ndoa, deni la pembejeo, urithi wa familia, uzazi. Huko Atlanta, Marekani, watu 60 ambao dawa za kawaida za sonona zilikuwa zimewashinda walijaribiwa kwa dawa kali ya kuzima inflamesheni, na nusu yao wakapewa isiyo na kitu. Majibu ya mwaka 2013: kwa jumla dawa haikushinda. Ilionyesha faida kwa wale tu ambao inflamesheni yao ilikuwa juu, na waliokuwa nayo chini walifanya vibaya kuliko waliopata isiyo na kitu. Anayekuambia sonona zote ni inflamesheni anakosea sawa na anayekuambia zote ni mashetani.

Kwa sababu hiyo usiende duka la dawa kununua diklopa, dawa ya maumivu na inflamesheni, ili kuzima huzuni. Na mwenye homa ambayo huenda ni dengue asipewe diklopa wala aspirini kabisa, kwani huongeza hatari ya kutokwa na damu. Panadol ndiyo inayofaa, kwa kipimo chake. Mtu aliyetoka kwenye homa arudi kazini kwa kupunguza, siku ya kwanza tuta moja, si shamba zima. Alale usiku, atembee kidogo kila siku, asiachwe peke yake. Wengi hurudi wenyewe kwa namna hiyo.

Lakini wiki mbili zikipita na bado hana raha na chochote, halali, hali, au anajiona hana thamani, mpeleke kituo cha afya. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Morogoro iko mjini, na sonona hutibika kwa mazungumzo na kwa dawa, hata ile iliyoanzia kwenye homa. Akitaja kufa au kutaka kujidhuru, usingoje wiki mbili, mpeleke siku hiyohiyo. Na mkifika, usiishie kusema "mawazo yamemzidi". Mwambie daktari kwamba kabla ya hapa alikuwa na homa, ilianza lini, na kipimo cha malaria kilisema nini.